Mifuko Mia Sita

Nilikuwa karani wa ghala kule Sarnakar,
nyanda za juu za Armenia, ambako theluji
hufika kabla hatujamaliza kuanua aprikoti.
Wino wa zambarau, daftari la mistari:
saruji ya shule, mifuko mia sita.
Ilishushwa mia nne. Nilihesabu mara mbili.
Vardges mkandarasi akaniwekea kilo ya kahawa mezani.
"Haykanush, dada yangu, wewe andika tu.
Karatasi haina uzito."
Nikaandika mia sita. Nikapiga muhuri.

Miaka tisa shule ilisimama.
Dhambi nayo, ukiipaka chokaa,
huwa ukuta kama kuta nyingine;
watoto huiegemea wakila mkate.

Kisha Desemba, Jumatano, somo la tatu.
Ardhi iligeuka kama mgonjwa anavyogeuka kitandani,
akitafuta upande usiouma.
Nilikuwa uani na ndoo ya makaa.
Wengine husema shule ilianguka.
Mimi niliiona: ilipiga magoti.
Shoghik wangu alikaa dawati la pili, dirishani.
Kiti kile nilimwombea mimi,
macho yake yapate mwanga.

Nyumba ya Vardges haikupasuka hata kigae.
Vikombe vilibaki kabatini, vimepangwa.
Usiku ule, baridi ya kupasua mawe,
tulilala humo watu thelathini na saba,
ndani ya mifuko mia mbili ya shule.
Mkewe akatugawia supu. Nikanywa.
Nikaota moto wa jiko lake
kwa vidole hivi vilivyoshika muhuri.
Alfajiri, chini ya ngazi, Siranush akajifungua
mtoto wa kiume, mzima, mwenye kelele.

Padri Ter Ghevond akalia kwa furaha.
"Unaona, binti yangu? Mungu aliuona usiku huu tangu zamani,
akaugeuza wizi ukawa paa."
Nikamwambia: Padri, shule ilikuwa na paa.
Saruji ile ile, mahali pake,
ingetufunika sote,
na sasa hivi Shoghik angekuwa ananinung'unikia
kwamba miguu yangu ni barafu.
Padri akanyamaza. Nampendea hilo.

Watu husema malipo ni hapa hapa duniani.
Vardges aliishi miaka kumi na minne zaidi,
akafa usingizini, ameshiba.
Nilikwenda mazikoni kutazama
kama udongo utamtema.
Ukampokea
kama ulivyompokea Shoghik,
bila kuuliza jina.

Ewe Mwenye Ghala,
sikuulizi habari za saruji.
Saruji ni yetu; ina saini yangu,
na wino wa zambarau haufutiki, nimejaribu.
Nauliza habari za ardhi.
Nani aliihesabu mifuko chini ya milima?
Nani aliandika kwamba imekamilika,
akatazama, akasema ni njema sana,
ilhali ufa ulikuwemo tangu siku ya kwanza?
Wewe nani alikuwekea kahawa mezani?

Yule mtoto wa chini ya ngazi sasa ni fundi mwashi.
Mama yake alimpa jina la mwenye nyumba.
Hupita kwangu na toroli, hunirekebishia bomba,
hakubali malipo ila mkate.
Namwita, "Vardges, njoo ule,"
na kila ninapoliita jina hilo
kitu hukwama kooni, kisha hushuka.
Anakula vizuri. Anapima mchanga wake mara mbili.
Sijui nimwandike safu ipi.

Jumapili nachomeka mshumaa kwenye mchanga wa kanisa.
Ter Ghevond, mzee sasa, anadhani ninaomba.
Labda.
Lakini daftari liko mkobani,
mstari wa mwisho mtupu.
Siku utakaponiita kwenye hesabu
nitakuja, sitajificha; kosa langu nalijua kwa tarakimu.
Ila tukae meza moja.
Nitafungua langu.
Nawe ulete lako.